Hukwe Zawose, Mchungaji wa Ugogo Aliyezunguka Dunia na Ilimba

Hukwe Zawose alizaliwa mnamo 1938 katika kijiji cha Doda, mkoani Dodoma, kwenye familia ya Wagogo iliyoishi kwa jembe na mifugo. Utotoni alichunga ng'ombe wa baba yake, na malishoni ndiko alikozoeza vidole na koo. Mwalimu hakutafutwa mbali: baba mwenyewe alikuwa mpiga muziki.

Ugogo ni nchi kame. Mvua huja kati ya Desemba na Aprili, tena kwa kubahatisha, na nafaka inayostahimili ni uwele na mtama. Ngoma nazo huenda na msimu. Zipo nyimbo za kuomba mvua, za jando na za mavuno, na kiangazi, kazi za shamba zikipungua, ndipo watu hucheza hadi usiku wa manane. Wanawake hupiga muheme, ngoma wanayoibana kwa mapaja. Zeze, chombo cha nyuzi, na ilimba vilikuwa vya wanaume.

Ilimba ni sanduku la mbao lililopangwa vyuma vyembamba vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Matundu ya sanduku huzibwa kwa utando wa buibui ili sauti itoke na mvumo. Zawose alitumia ilimba kubwa kuliko za kawaida, zenye vyuma vingi, vingine visivyoguswa kabisa bali huvuma vyenyewe vyuma jirani vikipigwa. Kwenye zeze pia aliongeza nyuzi. Koo lake lilishuka hadi mngurumo wa kifuani, kisha likapanda ghafla hadi sauti nyembamba kama ya mtoto. Noti za Kigogo ni tano, na hazilingani barabara na za piano, hivyo mpiga gitaa anayetaka kumfuata hana budi kulegeza na kukaza nyuzi upya.

Tanganyika ilikuwa imeunda wizara ya utamaduni mwaka 1962, na sifa za kijana wa Doda zilimfikia Mwalimu Nyerere, aliyemwita Dar es Salaam. Taifa changa lilitaka nyimbo za umoja na kazi, naye alizitunga. Maneno yalikuwa ya taifa; muziki ulibaki wa Ugogo, na hapo ndipo ustadi wake ulipo. Baadaye alihamia Bagamoyo, akawa mwalimu katika Chuo cha Sanaa kilichofunguliwa mwaka 1981.

Kutoka Bagamoyo alizunguka Ulaya na Marekani, mara nyingi kupitia matamasha ya WOMAD. Albamu ya Tanzania Yetu ilitoka Uingereza mwaka 1985, na Chibite ikatolewa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel, mwaka 1996. Assembly, aliyoifanya na mpiga gitaa Michael Brook, ina vyombo vingi vya umeme. Anayetaka kumsikia Zawose mwenyewe aanze na Chibite.

Alifariki Bagamoyo mwishoni mwa Desemba 2003, na mpwa wake Charles, aliyeimba naye safarini, akamfuata mwaka uliofuata. Wengi walidhani jina hilo limezimika. Waliolirudisha ni wanawake wa ukoo, ambao zamani wangeachiwa muheme na kuitikia tu: Pendo, binti yake, na Leah, mjukuu wake, sasa wanapiga ilimba na zeze kwa jina la The Zawose Queens, na mwaka 2024 walitoa albamu yao, Maisha, kupitia kampuni ileile ya Real World.