Kumtembelea Rafiki kwa Baiskeli na Teksi



Wengi wetu tunajuana kwa zamu tu. Tunasalimiana langoni, king'ora kinalia, kila mmoja anakwenda kwenye mashine yake. Mwenzetu akihamia mbali, urafiki unakatika kwa sababu ya nauli.

Sisi tulio Jinja jambo hili limetupata. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akikaa Kakira aliugua wiki tatu. Kila mmoja wetu alisema, "Nitakwenda mshahara ukitoka." Mshahara ulipotoka, tulikwenda kuzika. Nauli ya mazishi tulichangishana, lakini nauli ya kumjulia hali ilitushinda. Tangu siku hiyo tumejifunza kusafiri kwa njia nyingine, na hapa tunaieleza.

Jinja, iliyopewa hadhi ya jiji Julai 2020, si kama Kampala. Kampala ni vilima na mabonde ya majimaji. Hapa ardhi karibu yote ni tambarare, na barabara za katikati ya mji ni pana. Mtu akitembea kwa miguu huenda kama kilometa 5 kwa saa. Kwa baiskeli, bila kukimbizana, huenda 12 hadi 15. Kutoka nyumba za wafanyakazi za Walukuba hadi Main Street ni kama robo saa. Kakira yenyewe ni mwendo wa saa moja hivi.

Teksi, yaani yale mabasi madogo ya abiria 14, ina faida yake kwa safari ndefu. Lakini haiondoki mpaka ijae. Kwa safari fupi, muda ule unaokaa ndani ukingoja abiria, mwenye baiskeli amekwisha fika na kukaribishwa chai. Tena nauli hupanda jioni na mvua ikinyesha. Uliza bei kwa kondakta kabla hujapanda, si baada ya kuketi.

Njia bora ni kuchanganya. Tunafanya hivi:

1. Safari ya ndani ya mji, baiskeli. Ukiwa na mwenzako, mmoja aendeshe, mwingine akae kwenye keria, mbadilishane njiani.

2. Safari ya mbali, nenda kwa baiskeli hadi stendi, uiache kwa fundi unayemjua au kwa rafiki aliye karibu, kisha upande teksi. Hivyo unalipa nauli ya kipande kimoja badala ya vipande viwili.

3. Barabara kuu ya kwenda Iganga ina malori makubwa yaendayo mpakani, na upande wa Kakira kuna matrekta yenye matela ya miwa. Usiipite usiku bila taa. Kama giza litakukuta, lala kwa mwenyeji wako. Hakuna rafiki atakayekufukuza.

4. Kabla ya kuondoka, kagua breki, mnyororo na upepo. Beba pampu, kiraka na gundi. Pancha ya njiani isigeuke sababu ya kukosa zamu ya asubuhi.

Wengine watasema baiskeli ni chombo cha maskini. Ni kweli sisi si matajiri. Kima cha chini cha mshahara cha Uganda kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Fedha hizo leo zinaisha kwa safari chache tu za teksi. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, lakini haukutiwa saini ya Rais. Kwa hiyo baiskeli haiondoi madai yetu ya mshahara. Inatusaidia tusipotezane wakati tunadai.

Tena yapo mambo ya kudai mezani ambayo hayamfilisi mwajiri: banda lenye paa na mlinzi la kuwekea baiskeli langoni, na makato madogo ya kila mwezi kwa anayenunua baiskeli kupitia chama cha akiba na mikopo. Wajumbe wa matawi wayaandike katika orodha zao.

Mfanyakazi anayejua nyumba ya mwenzake, mke wake na watoto wake, hamwachi peke yake siku ya shida kazini. Jumapili hii, pampu tairi uende kwa yule uliyekuwa ukisema utamwona mshahara ukitoka.