Binti Arudiye Chuoni

Majoho ya mahafali yakisha kukunjwa na kurudishwa yalikoazimwa, na picha zilizopigwa chini ya miti ya chuo zikisha kuwafikia jamaa wa mbali na wa karibu, binti aliyehitimu huanza kuulizwa maswali mawili yasiyokosekana katika nyumba zetu: kazi ataipata wapi, na ataolewa lini. Wako mabinti wachache ambao hulijibu swali la kwanza kwa maneno yanayowashangaza wazee wao: kwamba wanarudi chuoni, wala si kutafuta shahada ya pili, bali kukaa karibu na wanafunzi, kusoma nao Maandiko Matakatifu, kusali nao, na kuwa dada zao katika imani kwa muda wa mwaka mmoja, miwili au zaidi. Nimeshughulika na kuwaandaa vijana wa namna hii kwa miaka mingi, na kwa kuwa wazazi hunijia na wasiwasi ambao ni haki yao kuwa nao, naona ni dhima yangu kuieleza kazi hii ilivyo, na hasa matayarisho yake, ambayo watu wengi huyadhania kuwa ni mazoezi ya kuhubiri.

Hasha, siyo. Ufasaha wa jukwaani ni kipaji chema, na binti aliyejaaliwa nao hatanyimwa nafasi ya kuutumia, lakini jambo analofundishwa kuliko yote, na ambalo huchukua miezi kumwingia, ni kusimama kwa ajili ya mtu mmoja ilhali amri aliyopewa ni kuwaendea wengi.

Kazi yenyewe ina umri mkubwa. Wanafunzi wa Cambridge, Uingereza, waliunda umoja wao wa Kikristo mwaka 1877, na mwaka 1895, katika ngome ya kale ya Vadstena nchini Sweden, wajumbe wa nchi kadha wa kadha waliasisi shirikisho la dunia la wanafunzi Wakristo, ambalo John Mott, Mmarekani, alilitumikia kwa miaka mingi kabla ya kutunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 1946. Lakini mtu ninayependa kuwatajia mabinti wangu ni mwanamke, Ruth Rouse, aliyesoma Girton, chuo cha wanawake cha Cambridge, katika zama ambazo chuo kikuu hicho kiliwakubali wanawake katika mitihani na kuwanyima shahada, hali iliyodumu hadi mwaka 1948. Mwanamke huyo, tangu mwaka 1905 hadi 1924, alikuwa katibu msafiri wa shirikisho lile, akizunguka nchi baada ya nchi kwa meli na gari moshi, akiwatafuta wanafunzi wa kike ambao aghalabu walikuwa wachache mno katika vyuo vyao, wakikaa pembeni mithili ya wageni. Binti wa leo anayepanda basi kutoka Mbeya kwenda Morogoro na begi lake la Biblia na vitabu anaifuata njia iliyokwisha kukanyagwa.

Mwaka 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard, miungano ya wanafunzi ya nchi 10, China ikiwa mojawapo, iliunda ushirika wa kimataifa ujulikanao kwa herufi IFES. Katika bara letu palifuata ushirika wa Afrika nzima mwaka 1958, kisha FOCUS ya Kenya mwaka 1973, na kwetu Tanzania iko TAFES kwa vyuo, ghairi ya UKWATA na CASFETA ambazo wasomaji wengi wamezijua tangu shule za sekondari. FOCUS ya Kenya huwachukua wahitimu kwa mwaka mmoja wa kujifunza huduma vyuoni, mwaka ambao wengi waliupitia kisha wakaendelea na udaktari wao, uhandisi wao au ualimu wao. Tabia moja ya jumuiya hizi haina budi kufahamika, maana ndiyo chanzo cha nusu ya mafunzo: ushirika wa chuoni huongozwa na wanafunzi wenyewe, wenye mwenyekiti wao, katibu wao na mweka hazina wao, na mtumishi atokaye nje ni mlezi tu, hana kura wala kiti cha mbele. Basi tafakari taabu ya binti ambaye mwaka jana alikuwa katibu wa ushirika, akiitisha mikutano na kutoa matangazo, na mwaka huu anatakiwa akae safu ya nyuma amtazame katibu mpya akikosea, asimkatize, na amngoje amwendee baadaye kwa hiari yake. Nimewaona wasichana hodari wakilia kwa ajili ya jambo hili, nami sikuwalaumu.

Mafunzo huanza na Maandiko, nayo huanza kwa namna inayowashtua. Siku ya kwanza kila mmoja hupewa karatasi zilizopigwa chapa upande mmoja, mistari ikiachana, pambizo pana pande zote, na ndani yake Injili ya Marko bila sura, bila namba za aya, bila vichwa vya habari. Njia hii ilikuzwa na Paul Byer, mtumishi wa InterVarsity ya Marekani, na hoja yake ni rahisi: mgawanyo wa sura tunaoujua unanasibishwa na Stephen Langton, Askofu Mkuu wa Canterbury, katika karne ya 13, na namba za aya katika Agano Jipya zilitiwa na mpiga chapa Mfaransa, Robert Estienne, mwaka 1551, kwa hiyo msomaji wa kwanza wa Marko hakuwa na vigingi hivyo vya kumwambia hapa habari imekwisha na pale imeanza. Binti hupewa penseli za rangi, na kazi yake ni kutazama kwanza neno linalorudiwa, mtu anayeingia, wakati na mahali. Kisha kuuliza maana. Na mwisho kabisa, baada ya subira ambayo vijana wa siku hizi huiona ni adhabu, kusema habari ile inamtaka afanye nini.

Nikumbuke meza moja. Binti wa Rungwe, mwanafunzi bora wa elimu ya udongo, mwepesi wa kusema, alikuwa ameinamia habari ya Yairo, yule mkuu wa sinagogi aliyemwomba Yesu aende haraka kwa binti yake mahututi, na njiani mwanamke mwenye kutokwa na damu akaligusa vazi la Yesu katikati ya msongamano. Alikuwa ameisikia habari hii tangu utoto kama miujiza miwili, na kila mmoja aliusikia ukihubiriwa peke yake. Kwenye karatasi isiyo na vichwa vya habari aliona rangi zake zikikutana: mwanamke aliugua miaka 12, na mtoto wa Yairo alikuwa na umri wa miaka 12; baba anamlilia binti yake, na Yesu, akisimama njiani huku baba huyo akitazama na muda ukiyoyoma, anamwita yule mwanamke asiye na mtetezi kwa jina hilohilo, binti. Akaiweka penseli chini. Baada ya kitambo akaniuliza, kwa sauti ambayo sikuwa nimeizoea kwake: "Mwalimu, kwani Yairo alijisikiaje wakati Yesu amesimama?" Sikumjibu. Swali hilo lilikuwa bora kuliko jawabu lolote nililokuwa nalo, na tangu siku ile nilijua kwamba amekwisha kuanza kutayarika.

Maana huko aendako atakutana na msongamano uleule. Atakuwa na ratiba: somo la jioni ukumbini, mkutano wa viongozi, ibada ya alfajiri, na katika ujia wa bweni, ndoo za maji zikiwa zimepangwa mlangoni mwa bafu, atamkuta msichana wa mwaka wa kwanza ambaye hakusema neno juma zima. Huyu ana mimba na hajamwambia mama yake. Yule amekosa mkopo na anakula mlo mmoja kwa siku. Mwingine anapigwa na mpenzi wake na kuambiwa ndiyo mapenzi. Na yuko ambaye huzuni imemkaa rohoni hata kuamka kitandani kumekuwa jabali. Kwa hiyo sehemu kubwa ya matayarisho hutumika kumfundisha binti mipaka yake. Yeye si daktari, si mwanasheria, wala sala yake si badala ya dawa. Lazima ajue ofisi ya mshauri wa wanafunzi iko wapi, hospitali iko wapi, na nani anayepokea simu usiku. Lazima aitunze siri kama amana, wala asiifanye ombi la maombi mbele ya watu 60, kosa ambalo limevunja mioyo mingi katika makusanyiko yetu na ambalo siwezi kulitaja bila uchungu. Na lazima ajue kwamba uhai wa mtu ukiwa hatarini siri hiyo ina kikomo, na kikomo hicho amwambie mhusika tangu mwanzo, asije akamhadaa.

Sasa nifike kwenye fedha, jambo ambalo wazazi huniuliza kwanza na mabinti huniuliza mwisho. Katika jumuiya nyingi za kazi hii mtumishi halipwi mshahara kutoka hazina kuu. Yeye mwenyewe hutafuta ndugu, marafiki na makanisa watakaoahidi kumchangia kila mwezi, akiandika majina, akipeleka barua, akimtembelea kila mmoja nyumbani kwake, na kuwatolea hesabu. Mwenye kuona haya kwa jambo hili na akumbuke kwamba Luka anawataja kwa majina Mariamu Magdalene, Yoana mkewe Kuza, na Susana, pamoja na wanawake wengine, waliomhudumia Yesu na wanafunzi wake kwa mali zao. Lakini sitaki kuufanya mzigo kuwa mwepesi kwa kutaja majina ya Biblia. Binti wa nyumba maskini hutazamiwa asomeshe wadogo zake. Deni la Bodi ya Mikopo linamngoja, nalo kwa aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Na kusema kwamba umechagua posho isiyo na hakika mbele ya mama aliyeuza ndizi sokoni ili ulipe ada ni jambo zito, ambalo linastahili kusemwa ana kwa ana na kwa adabu, si kwa ujumbe wa simu. Mimi huwakataza kuanza kazi kabla hawajazungumza na wazee wao, na yuko mmoja niliyemshauri aajiriwe kwanza miaka mitatu, mdogo wake amalize shule, na sidhani kwamba Mungu alipungukiwa kitu kwa kungoja kule.

Yule wa Rungwe alinitaka nimsindikize kwa baba yake mdogo, aliyemlea baada ya baba yake kufariki. Mzee huyo ni mzee wa kanisa la Moravian, na katika kazi zake alikuwa karani wa kupima majani mabichi ya chai, mtu aliyeishi na mizani na vitabu vya stakabadhi. Tulimkuta barazani, mvua ikinyesha kama inavyonyesha huko.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibu mwalimu."

Binti alieleza yote, akatoa barua yake na bajeti yake: pango, chakula, nauli, akiba ya ugonjwa. Mzee aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akavua miwani.

"Tumekusomesha miaka 16, mwanangu, ili uje uombe?"

Nilitaka kusema, nikajizuia. Binti alinyamaza kwa muda, akasema, "Baba, sitaki kwenda kama mtu aliyetoroka. Nataka ukoo wangu unitume."

Mvua ilizidi, na mzee akaingia ndani. Nilidhani ameudhika. Alirudi na daftari jipya la hesabu, lenye jalada gumu, akalifungua ukurasa wa kwanza na kupiga mistari kwa rula: tarehe, mapato, matumizi, sababu. Akaandika jina lake mwenyewe juu, na shilingi 20,000 kila mwezi. "Anayetumwa huleta hesabu," alisema. "Kila miezi mitatu nitalisoma hili. Shilingi isiyo na sababu sitaikubali."

Daftari lilirudi Rungwe mwisho wa robo ya kwanza, nami niliruhusiwa kuliona baadaye, likiwa na alama za kalamu nyekundu za mzee kwenye kila mstari kama alivyozoea kwenye stakabadhi za chai. Mstari mmoja tu ulikuwa na alama ya kuuliza. Uliandikwa: bodaboda usiku, shilingi 4,000; na mahali pa sababu pameandikwa neno siri. Nilitazama tarehe. Kwa ratiba niliyokuwa nayo, jioni ile binti alikuwa azungumze mbele ya wanafunzi wa chuo kizima, somo aliloliandaa kwa majuma mawili. Na habari nilizozipata zilisema kwamba mwanafunzi wa mwaka wa pili alisimama akasoma kwa niaba yake, akisitasita, na watu walimsikiliza.

Mzee alikuwa amempigia simu. Binti alimwambia, "Ni siri ya mtu, baba. Nilikwenda naye hospitali, na sasa yu mzima." Juu ya ile alama nyekundu ya kuuliza palikuwa pamepigwa mstari mmoja ulionyooka, kwa rula, na pembeni yake sahihi kamili ya karani, kama atiavyo mtu kwenye mzigo aliokwisha kuupima.