Kiti cha Karatasi kwa Mtoto Mwenye Ulemavu Zaidi ya Mmoja

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kuketi mwenyewe aghalabu hulishwa akiwa amelazwa mapajani, kichwa kimeelekea nyuma. Katika mkao huo, uji huweza kuteremkia kwenye njia ya hewa. Mtoto hupaliwa, hukohoa, na nimonia humrudia mara kwa mara. Iwapo pia haoni vizuri na hawezi kusema, hauoni mkono unaoleta kijiko wala hana njia ya kumwomba mama asubiri. Hivyo ndivyo ulemavu mmoja unavyouzidishia mwingine uzito.

Kwa mtoto wa namna hii, kifaa saidizi cha kwanza ni kiti. Kiwiliwili kikishikiliwa na kichwa kikasimama, kumeza huwa salama zaidi, macho hupata pa kutulia, na mikono huwa huru kushika. Hata miwani haitamfaa sana mtoto ambaye kichwa chake kimeangukia kifuani.

Viti maalumu vya kiwandani ni ghali kuliko uwezo wa kaya nyingi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilieleza kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata ni asilimia 3 tu ya wanaokihitaji.

Nchini Zimbabwe, mwalimu Bevill Packer alisitawisha ufundi wa kutengeneza samani kwa karatasi zilizokwisha kutumika, na ufundi huo ukaja kutumiwa kuwatengenezea viti watoto wenye ulemavu. Tabaka za maboksi huunganishwa kwa gundi ya unga na maji, hukandamizwa kwa vitu vizito, kisha hukaushwa hadi zikawa ngumu mfano wa ubao. Kiti hufunikwa kwa vipande vya karatasi vilivyopakwa gundi, na hatimaye hupakwa rangi au vanishi ili kuzuia unyevu. Kisipokauka barabara, huoza.

Malighafi ni rahisi. Kipimo ndicho chenye thamani. Mtaalamu wa fiziotherapia au wa tiba kwa vitendo hupima upana wa nyonga, urefu wa paja na urefu wa mguu kutoka goti hadi kisigino. Nyonga, magoti na vifundo vya miguu vikunjwe kwa takribani nyuzi 90, nyayo zikanyage kikamilifu, na nafasi ya vidole viwili ibaki kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Mkanda upite juu ya nyonga, si tumboni. Kiti kikubwa "ili akue nacho" humwacha mtoto akiporomoka na kupinda mgongo.

Baada ya kuketi kwa muda mfupi mara ya kwanza, mtoto avuliwe nguo na ngozi yake ichunguzwe. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Kwa hiyo mhudumu apapase kutafuta joto au ugumu kwenye makalio, mgongo na viwiko. Dalili hizo zisipotoweka upesi, kiti kirekebishwe kabla ya kutumiwa tena, kwani kidonda cha mgandamizo huanzia hapo.

Kiti kikishafaa, meza yake huwa mahali pa mazungumzo. Kwa mtoto mwenye uoni hafifu, vitu halisi hufaa kuliko picha ndogo: kikombe kwa maana ya kunywa, kijiko kwa maana ya kula, vikiwekwa juu ya kitambaa chenye rangi inayopingana navyo. Mtoto akikitazama au akikigusa kimoja, mzazi ampe kilichochaguliwa papo hapo, na afanye hivyo kila siku, ili mtoto atambue kuwa amesikika.

Mtoto hukua, na karatasi huchakaa. Kliniki inayomkabidhi mzazi kiti bila kumpangia tarehe ya kurudi kupimwa upya imefanya nusu ya kazi. Mzazi asiyepewa tarehe hiyo ana haki ya kuiuliza kabla ya kuondoka.