KIFUA CHA MAMA NA MTOTO NJITI



Mtume Paulo hakuwahi kuzaa wala kunyonyesha. Hata hivyo, alipowaandikia Wathesalonike (1 The 2:7) alijifananisha na mama anayelea watoto wake. Mwanamume yule aliyezoea safari na magereza hakuona aibu kusema hivyo. Mwezi huu tutazame jambo moja la afya linalotuonyesha mfano huo kwa macho: utunzaji wa mtoto njiti.

Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba kutimia. Ngozi yake ni nyembamba, mafuta mwilini ni kidogo, na joto humtoka upesi. Akipoa hushindwa kunyonya. Asiponyonya huishiwa nguvu, na maradhi humpata kwa urahisi.

Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, Daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wa namna hii wengi kuliko mashine za kuwatunzia joto. Walilazwa kwa kubanana na kuambukizana magonjwa. Basi akawarudisha vifuani mwa mama zao. Mtoto huvalishwa kofia, soksi na nepi tu, huwekwa wima katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, uso umegeuzwa upande ili apumue vizuri, kisha hufungwa kwa kitambaa. Ndiyo njia ya kangaruu, kwa jina la yule mnyama wa Australia anayebeba mwanawe katika mfuko wa tumboni.

Wapo waliodhani ni njia ya maskini wasio na mashine. Sivyo. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto wenye uzito wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Kati ya waliobebwa mara baada ya kuzaliwa, walifariki 12 katika kila 100. Kati ya waliosubiri kwanza hali yao itulie, walifariki karibu 16. Mwaka 2022 Shirika hilo likashauri njia hii ianze mapema, kwa masaa 8 hadi 24 kila siku.

Masaa hayo ndiyo mtihani wenyewe. Mama aliyefungwa mtoto kifuani usiku na mchana atachota maji saa ngapi? Nani atawapikia wale wakubwa? Jumuiya Ndogo Ndogo ikienda kusali kwake na kuondoka, ikaacha ndoo tupu, imefanya nusu ya kazi. Na wageni wanaonong'ona kwamba "huyu hatapona" afadhali wabaki kwao.

Tena, si lazima abebe mama peke yake. Akiwa amepasuliwa, au amechoka, baba aweza kuvua shati na kumpokea mtoto. Bibi pia, shangazi, hata jirani mzima wa afya na msafi. Joto la kifua cha baba halina tofauti. Wanaume wa parokia, msicheke, kumbukeni Paulo.

Maziwa ya mama ndiyo chakula chake. Asiyeweza kunyonya hukamuliwa na kunyweshwa kwa kikombe, au kwa mpira kule hospitalini. Mkisharuhusiwa kurudi nyumbani, msikose siku za kupima uzito. Mkiona mtoto amekuwa baridi au ana homa, anakataa kunyonya, anapumua kwa shida, ana degedege, au viganja na nyayo zimekuwa za manjano, mpelekeni hospitali saa ileile, akiwa bado kifuani.

Huendelea hivyo hadi mtoto akaribie kilo 2.5. Siku hizo yeye mwenyewe huanza kujinyonganyonga, hutoa mikono nje ya kitambaa, na hulia kila akifungwa tena. Hapo mfungueni.