Kwa nini merikebu za kale ziliangamia mlangoni mwa bandari?

Malawi haina bahari. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mafuta, mbolea na bidhaa za viwandani zinazouzwa Lilongwe, na zile zinazofika katika maduka ya kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, hupitia kwanza katika bandari za Beira, Nacala au Dar es Salaam. Shehena hizo zote huvuka mahali ambapo mabaharia wamepaogopa kwa karne nyingi: mlango wa bandari.

Wakazi wa Dzaleka waliotoka mashariki mwa Kongo hawahitaji kusimuliwa hofu hiyo. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama katika Ziwa Kivu ikiwa imekaribia bandari ndogo ya Kituku, mjini Goma. Makumi ya watu walipoteza maisha huku nchi kavu ikionekana. Sababu za ajali hutofautiana, lakini historia ya pwani ya Afrika Mashariki inathibitisha jambo lile lile: safari haijaisha mpaka chombo kifungwe gatini.

Mwamba na malango yake

Katika bahari kuu, nahodha wa karne ya 15 au 16 alikuwa na nafasi. Dhoruba ikimkuta, aliweza kukunja matanga na kuacha chombo kichukuliwe na upepo siku nzima bila kugonga kitu. Karibu na pwani, nafasi hiyo hutoweka.

Mbele ya sehemu kubwa ya pwani ya Kenya na Tanzania kuna mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na ufuo. Matumbawe hayastawi penye tope na maji yasiyo na chumvi. Kwa hiyo, mbele ya mito na hori mwamba hukatika na kuacha mlango, ambao mara nyingi ni mwembamba na wenye mikondo mikali ya maji yanayojaa na kupwa. Huko Mombasa, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3. Mahali palipopitika asubuhi huenda pakawa mtego ifikapo adhuhuri.

Vyombo vya wenyeji viliundwa kwa mazingira hayo. Mbao za mtepe zilishonwa kwa kamba za makumbi badala ya kupigiliwa misumari. Chombo hicho kiliweza kunepa kidogo kinapogusa chini, na kukalia mchanga maji yakipwa. Merikebu za Ulaya zilikuwa nzito, zilihitaji kina kikubwa zaidi, na kwa matanga yake ya mraba hazikuwa nyepesi kugeuka penye nafasi finyu.

Rubani aliyejitosa majini

Mapema mwezi Aprili 1498, msafara wa Vasco da Gama ulipokuwa ukielekea Mombasa, merikebu yake moja, São Rafael, ilipanda fungu karibu na Mtangata, jirani na Tanga, kabla ya alfajiri. Iliokolewa na maji yalipojaa.

Tarehe 10 Aprili, msafara huo ulijaribu kuingia bandari ya Mombasa. Merikebu ya da Gama ilikataa kugeuka na kuigonga iliyokuwa nyuma yake, wakalazimika kutia nanga tena. Hapo marubani wawili waliochukuliwa Msumbiji walijitosa majini na kutoroka. Wareno waliamini kwamba walikuwa wamepangiwa hila. Lakini siku chache kabla, da Gama alikuwa ameamuru rubani mmoja achapwe viboko kwa madai ya kusema uongo. Waswahili husema: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Rubani ndiye aliyejua mlango. Alisoma rangi ya maji, alilinganisha alama mbili za nchi kavu ili kubaki katika njia salama, na alijua saa ya kuingia. Bildi, yaani kamba yenye risasi nzito, ilimwonyesha mgeni kina cha mahali alipo, si cha mahali anapokwenda. Huko Malindi, da Gama alipewa rubani na mtawala wa mji. Msafara uliondoka tarehe 24 Aprili na kufika karibu na Calicut, India, tarehe 20 Mei.

São Rafael haikurudi kwao. Januari 1499 iliteketezwa kwa moto katika mafungu yale yale ya Mtangata, kwa sababu mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote.

Hata bandarini hapakuwa na uhakika. Mnamo Septemba 1697 manowari ya Kireno, Santo António de Tanna, ilifika Mombasa kuwasaidia Wareno waliozingirwa na majeshi ya Oman katika Ngome ya Yesu. Kamba zake zilikatika, ikachukuliwa na maji na kupoteza usukani. Mwezi uliofuata ilizama mbele ya ngome hiyo.

Mchanga wa Sofala

Kusini zaidi, hatari haikuwa mwamba bali mchanga. Sofala, bandari ya dhahabu iliyokuwa chini ya Kilwa, ilikuwa na fungu la mchanga linalohamahama mlangoni. Vyombo viliweza kupita maji yakijaa tu, na merikebu kubwa zilibaki nje huku bidhaa zikihamishiwa katika vyombo vidogo. Kwa mfanyabiashara aliyetegemea kusi na kaskazi, kuchelewa mlangoni kulimaanisha kukosa msimu na kusubiri miezi mingi.

Beira ya leo na bei ya Lilongwe

Beira, mojawapo ya bandari zinazoihudumia Malawi, iko kaskazini kidogo mwa Sofala ya kale, penye mdomo wa mto Pungwe. Tatizo ni lile lile. Mto huleta tope na mchanga, kwa hiyo njia ya meli lazima ichimbwe mara kwa mara, na maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa takriban mita 6. Nacala, kinyume chake, ina kina cha asili. Hadi sasa, meli kubwa zinazoingia bandari kama hizi huongozwa na rubani anayeijua njia.

Machi 2019, Kimbunga Idai kilipoipiga Beira, bandari hiyo ilifungwa kwa siku kadhaa. Meli inaposubiri nje, gharama huongezeka kila siku, na gharama hiyo husafiri pamoja na mzigo hadi Lilongwe. Mnunuzi wa Dzaleka huenda asiione bahari maishani mwake, lakini katika bei ya mfuko wa mbolea au lita ya mafuta ya taa, naye hulipia mlango wa bandari.