Je, Wajua? Chumvi Huizuia Mashua Kukauka

Je, wajua kwamba chombo kilichovutwa mchangani Kunduchi au Msasani, wilayani Kinondoni, chaweza kulowa usiku bila tone la mvua wala wimbi kukigusa?

Chanzo kikubwa ni chumvi. Unyevu wa hewa ukifikia takriban asilimia 75, chumvi hunyonya maji ya hewani mpaka ikayeyuka yenyewe, na usiku wa pwani ya Dar es Salaam huvuka kiwango hicho mara nyingi. Ndiyo maana tanga na kamba zilizoloa maji ya bahari, hata zikianikwa mchana kutwa, asubuhi huwa chepechepe tena. Dawa ni kuzisuuza kwanza kwa maji yasiyo na chumvi, kisha kuzianika.

Ubao nao una adui mwingine: maji ya mvua. Kuvu inayoozesha mbao huweza kushamiri unyevu wa mbao hizo unapozidi asilimia 20 hivi, na maji ya masika yanayotuama kwenye ngama hayana chumvi ya kuidhoofisha. Yakumbwe siku hiyo hiyo! Mafundi wa pwani wana kinga ya tangu zamani: kuzipaka mbao sifa, mafuta ya ini la papa, na kukalafati nyufa kwa pamba iliyotiwa mafuta.

Anayefunika mashua yake kwa turubai aache uwazi mbele na nyuma, upepo upite. Turubai lililokazwa pande zote hufungia mvuke ndani, nao ukipoa usiku hugeuka matone.