Bunduki za mababu: tuhifadhi habari kabla ya chuma

Katika jamii zetu nyingi, mzee anapofariki urithi wake hutajwa hadharani mbele ya ukoo. Shamba hupata mrithi, mifugo hugawanywa, hata kigoda na bakora ya marehemu hupata wenyewe. Kipo kitu kimoja, hata hivyo, ambacho kikiwapo nyumbani hunong'onwa tu: bunduki ya kuwindia. Watoto huitazama, wakatazamana, kisha wakainyamazia. Maoni yangu ni kwamba kimya hicho kinatudhuru mara mbili. Kinawaweka warithi katika hatari ya kuvunja sheria bila kukusudia, na kinafuta sehemu ya historia ambayo haijapata kuandikwa ipasavyo kwa lugha yetu wenyewe.

Sisi tunaoishi Ongata Rongai tunayo sababu ya kulitafakari jambo hili. Jina la mji wetu ni la Kimaasai, na maana yake ni uwanda mwembamba. Ng'ambo ya mto Mbagathi ipo Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946. Mwanzoni mwa utawala wa kikoloni, sehemu kubwa ya Kajiado ilikuwa ndani ya Hifadhi ya Wanyama ya Kusini. Huko Kimana, katika Kajiado hii hii, ndiko alikopiga kambi mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway mwaka 1953, akiwa na bunduki zake. Na ni hapa jirani, Ngong, ambapo mnamo Novemba 2016 Rais Uhuru Kenyatta alilitia moto rundo la silaha haramu 5,250. Sina kinyongo na moto ule. Silaha inayomnyima raia usingizi haina haki ya kuhifadhiwa. Swali langu ni jingine: je, tunao utaratibu wa kuitenga bunduki ya jambazi na ile ya babu iliyokaa darini miaka sabini bila ya kulia?

Mimi ni mwanaisimu, na ushahidi wangu wa kwanza nitautoa katika kamusi. Neno bunduki tumelipokea kutoka Kiarabu. Katika lugha hiyo, bunduq lilikuwa kokwa ya aina ya njugu, kisha likawa jina la kigololi cha kurushwa, na hatimaye jina la chombo chenyewe. Risasi, vilevile kutoka Kiarabu, ni jina la madini kabla ya kuwa jina la kitu kinachoua. Mwalimu wa kemia bado hulitumia kwa maana hiyo ya asili. Mzinga ni gogo lililochimbwa ndani ili nyuki waweke asali, na Mswahili alipouona mtutu mkubwa wa Mreno au wa Mwarabu alilitwaa jina hilo hilo akaupa.

Wazee hawakuridhika na jina moja la jumla. Walikuwa na bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi; bunduki ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe; bunduki ya fataki, iliyolipuliwa kwa kifuniko kidogo chenye baruti; na bunduki ya viasi, ambayo risasi na baruti yake vilikwisha kupimwa na kufungwa pamoja. Gobore lilishindiliwa kwa mdeki kupitia mdomoni. Leo tunashindilia chakula na kumshindilia mtu maneno, wala hatukumbuki kwamba wawindaji nao walikishika kitenzi hicho kwa mikono miwili. Mwanafunzi wa chuo kikuu nikimwuliza mdeki ni nini, hunikodolea macho. Simlaumu. Kitu kikifichwa, jina lake nalo hufichika, na hatimaye hufa.

Tofauti hizo hazikuwa za kimsamiati tu. Katika Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia uingizaji wa silaha katika sehemu kubwa ya Afrika. Mkataba huo uliacha mlango mdogo: bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuruhusiwa. Bunduki bora, zenye mifuo na viasi, zilizuiliwa. Kwa maneno mengine, tofauti ambayo Mswahili aliitia katika majina iligeuka mpaka kati ya mtawala na mtawaliwa. Mwalimu wa historia anayefundisha jinsi nchi zetu zilivyotwaliwa angeweza kuanzia hapo, kwa maneno mawili tu: gumegume na viasi.

Mpaka huo uliendelea kuchorwa hata katika kumbukumbu. Mnamo Aprili 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit. Walianza kuwinda katika nyanda za Kapiti, si mbali na Kitengela. Kwa hesabu yake mwenyewe, wawili hao waliangusha wanyama 512. Bunduki yake kubwa ya mitutu miwili, iliyotengenezwa na Holland & Holland wa London, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Frazier mjini Louisville. Huo ni urithi wa taifa, nao hutazamwa kwa heshima.

Sasa mtazame Mkamba au Mwaata wa wakati uo huo, aliyewinda kwa upinde na mishale ya sumu kama walivyowinda wazazi wake. Sheria za kikoloni zilimnyima leseni, kisha zikamwita jangili, neno ambalo sauti yake inakaribiana sana na jangli la Kihindi, lenye maana ya kitu cha mwituni. Upinde wake haukupelekwa kwenye makumbusho. Ulipelekwa mahakamani ukawa kizibiti. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Mnyama ni yule yule, na kifo ni kile kile. Kilichotofautiana ni karatasi mkononi mwa mwindaji.

Nisieleweke kuwa natetea ujangili, wala sipendekezi uwindaji urejeshwe. Serikali ya Kenya iliupiga marufuku mnamo Mei 1977, na chama cha wawindaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki, kilichoundwa mwaka 1934, kikavunjika mwaka uo huo. Faru na ndovu waliouawa baada ya hapo, licha ya marufuku, wanatosha kutuonyesha hatari iliyokuwapo. Ninachosema ni kwamba marufuku ile ilikomesha kazi lakini haikukusanya zana zake. Bunduki zilibaki makabatini na darini, wenye leseni wakazeeka, na mmoja baada ya mwingine wanatutoka.

Hapo ndipo jamaa wengi hukwama. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humtaka mwenye bunduki awe na cheti, na cheti hicho hupewa mtu, si ukoo. Mtoto hakirithi pamoja na ng'ombe. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kama bunduki ya marehemu babu yake, iliyoshika kutu, bado ni bunduki mbele ya sheria. Nilimjibu kwamba swali hilo si la mwanaisimu: wazazi wake wawaone polisi mapema, bila kuisafirisha wala kuichezea, kabla polisi hawajawaona wao. Kutu haiondoi risasi iliyosahauliwa ndani ya mtutu.

Lakini sheria za Kenya zina sauti nyingine pia. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inakiita kitu cha kale chochote kinachohamishika, mbali na vitabu na hati, kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Gobore la gumegume lililopanda kutoka pwani na misafara ya karne ya kumi na tisa liko wazi ndani ya maelezo hayo. Basi yafaa ofisi inayopokea silaha na ile inayotunza turathi ziketi pamoja. Kabla ya silaha kuyeyushwa, mtaalamu aitazame. Iliyo ya kale au yenye historia iondolewe uwezo wa kufyatua, iandikiwe habari zake, na ipelekwe katika jumba la makumbusho.

Wapo watakaosema kwamba kuionyesha bunduki ni kuitukuza, hasa katika nchi inayosumbuliwa na wizi wa mifugo wa mtutu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini anayeitukuza bunduki hahitaji makumbusho, sinema zinamtosha. Bunduki iliyonyamazishwa, ikiwekwa kando ya upinde wa Mwaata na maelezo ya nani aliruhusiwa kuwinda na nani alifungwa, humfundisha kijana kuuliza maswali, wala haimfundishi kulenga shabaha.

Walimu wenzangu, kazi yetu haihitaji leseni. Waagizeni wanafunzi wakawaulize wazee majina ya zana za uwindaji kwa Kimaasai, kwa Kikamba, kwa Kiswahili cha zamani: sehemu zake, miiko yake, na nani alizibeba kwa niaba ya nani. Wasiguse chuma, waandike maneno. Nanyi wanafunzi, msingoje likizo ya mwisho wa mwaka, kwa kuwa wazee hawangoji. Chuma kina uwezo wa kukaa darini miaka mia, lakini mwenye kujua habari zake hakai muda huo.